Hame la Tyneham: mazungumzo kabla ya safari ya kesho

Haya ni maneno niliyoyasema Ijumaa jioni mbele ya jumuiya yetu ya Waswahili wa hapa Poole, kusini mwa Uingereza. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokuwa kazini, na kwa wale waliofika wakati chai imekwisha.

Bi Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu mliokaa mbele, kaka na dada, na nyinyi vijana mlioburutwa hapa kwa ahadi ya sambusa, hamjambo.

Mimi si mwalimu wa historia. Mimi ni dereva. Nimeendesha basi la watalii humu Dorset miaka kumi na tisa, na Tyneham, kile kijiji kitupu tutakachokitembelea kesho, nimekwenda mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwetu Kilifi, jambo ambalo mama yangu hajanisamehe. Kwa hiyo nitawaeleza kidereva: kwanza njia, kisha mahali, kisha habari za mahali.

Njia inapanda mgongo wa vilima vya Purbeck. Juu kabisa, pale upepo unapoanza kulitikisa basi, unakutana na geti la jeshi. Ukilikuta wazi, unaingia. Unateremka kwa gia ya pili, mguu kwenye breki, vioo vyote viwili vinapapasa majani, na moyoni unaomba asitokee mtu na gari kutoka chini. Abiria hawana habari na shida yako. Wao wanatazama bonde. Kijani kitupu, hakuna nguzo za umeme, hakuna paa jipya, na kule mwisho kipande cha bahari. Kila safari kuna anayesema, "Loo, pazuri!" Kisha tunafika, tunashuka, wanaona nyumba zisizo na mapaa, miti imeota jikoni, na sauti zinashuka zenyewe. Haipiti robo saa, mtu atanivuta pembeni aniulize: hivi hapa palipigwa na ndege za Hitler?

Hapana. Hakuna Mjerumani aliyekigusa kijiji hiki. Kilichukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1943, na makombora yaliyotoboa kuta zake ni ya Waingereza wenyewe, yakisaidiwa na mvua ya Uingereza ambayo hamhitaji nikuelezeni habari zake.

Kwetu Pwani mahali kama hapo tunapaita hame. Wengi wenu mmepelekwa na shule kutazama mahame ya Gede, mkaambiwa pengine maji ya visima yalipungua, pengine vita vilikaribia, watu wakafunga mizigo wakaenda zao. Neno lenyewe limetoka kwenye kuhama. Watu wa Tyneham walihamishwa, hilo kila kibao pale kitakwambieni. Lakini mimi, kwa kwenda na kurudi miaka yote hii, swali lililonikaa kichwani ni jingine. Kwa nini ilikuwa rahisi vile? Barua moja, mwezi mmoja, bonde jeupe. Jibu nimelikuta mbali sana nyuma ya mwaka 1943, na ndilo ninalotaka kulisema usiku huu.

Uingereza ina mahame mengi kuliko mnavyodhani. Wataalamu wameorodhesha zaidi ya elfu mbili ya vijiji vya zama za kati vilivyobaki matuta tu kwenye majani ya ng'ombe. Tauni ya mwaka 1348, ile iliyomaliza watu Ulaya nzima, iliingia nchi hii kwa kupitia bandari ya Melcombe, hapahapa Dorset, sehemu ya mji tunaouita leo Weymouth. Ilipunguza watu. Lakini vijiji vingi tauni haikuvimaliza. Vilimalizwa baadaye na kondoo. Sufu ya kondoo ilikuwa na bei, kondoo mia wanahitaji mchungaji mmoja tu, na mwenye ardhi akapiga hesabu zake.

Na wakati mwingine sababu haikuwa hata kondoo. Mmewahi kupita Milton Abbas? Vijumba vyeupe vinavyofanana kama mayai, vimeezekwa kwa majani, watalii wanavipiga picha mpaka simu zinazima chaji. Bwana mmoja, Joseph Damer, Lord Milton, alinunua abasia, yaani nyumba ya zamani ya watawa, pale mwaka 1752. Karibu na jumba lake palikuwa na mji mdogo, una soko, una vilabu vya pombe, una shule. Ulimharibia mandhari. Basi kuanzia miaka ya 1770 akauondoa nyumba kwa nyumba kadiri mikataba ya upangaji ilivyokwisha, akamwajiri Lancelot Brown, mtengeneza bustani maarufu, akaweka ziwa. Watu akawajengea vijumba vile vyeupe upande wa pili wa kilima, asipoweza kuwaona. Inasimuliwa kwamba wakili mmoja, Harrison, alikataa kutoka, bwana akafungulia maji yakamfurikia nyumbani, naye akamshtaki na akashinda. Aliweza kukataa kwa sababu mkataba wake ulikuwa haujaisha, na kwa sababu alijua kuusoma. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa Tyneham.

Jina lake limo katika kitabu cha Domesday, ile sensa ya mali ya mwaka 1086 aliyoiamuru Mfalme William. Kanisa la Mtakatifu Maria mtakaloliona kesho lina kuta za karne ya 13. Jumba kuu lilijengwa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, karne ya 16, likaunganishwa na jengo la zamani zaidi. Mwaka 1683 milki yote ilinunuliwa na Nathaniel Bond. Naam, Bond. Vijana wanacheka, si yule wa sinema. Hawa Bond wa Purbeck walikaa na Tyneham miaka mia mbili na sitini.

Ninaposema milki, msifikirie shamba la minazi na nyumba moja katikati. Fikirieni kila kitu. Nyumba za vibarua ni za Bond. Shamba kubwa, mkulima wake ni mpangaji wa Bond. Shule ilijengwa na mchungaji Nathaniel Bond, mwingine huyo, mwaka 1860. Hata kasisi wa kanisa mara nyingine alikuwa ni Bond. Ukikohoa Tyneham, umekohoa ndani ya nyumba ya Bond. Kwetu mwenye mamlaka ya namna hiyo tungemwita mwinyi. Nisingemwita bwana shamba, maana huyo kwetu anakuja kwa pikipiki kukagua mihogo.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Kwa kila nilichosoma, walikuwa wenye nyumba wa kawaida wa zama zao, labda wapole kuliko wengi. Walijua majina ya watoto, walipeleka supu kwa wagonjwa. Na maisha ya pale yalikuwa na raha zake. Chini ya bonde, mwendo wa kama maili moja kutoka kanisani, kuna ghuba ya Worbarrow, na pale waliishi wavuvi. Kuna kilima kimejitokeza baharini kama pua. Mtu alikaa juu yake akitazama maji, akiona kundi la vibua linageuza rangi ya bahari anapiga kelele, na mashua zinaingizwa majini. Sijui kama kuna Mswahili wa Pwani anayehitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Ila kijiji kilikuwa kimeanza kudhoofika kabla hajatokea mwanajeshi yeyote, na jambo hili watalii hawapendi kulisikia. Wanataka kijiji chenye furaha kilichokatwa ghafla kama uzi. Kazi za shamba zilipungua mashine zilipoingia. Jumba kuu halikuweza tena kulisha watumishi kama zamani. Walinzi wa pwani waliondolewa, na familia zao zikaondoka nao. Shule ilifungwa mwaka 1932 kwa sababu wanafunzi walikuwa wamebaki wachache mno. Waliosalia wakawa wanapelekwa Corfe Castle. Umeme haukuwahi kufika. Maji ya bomba yalikuwa ya mfereji wa nje, unakwenda na ndoo. Kitu cha kisasa kabisa kilikuwa kibanda cha simu cha mwaka 1929, cha zege, mbele ya posta. Mtakiona kesho, kimesimama mbele ya ule mstari wa nyumba kama kimewekwa jana. Lakini si chenyewe. Kile cha asili kilinusurika miaka arobaini ya mizinga, kisha mwaka 1985 wakaja watu wa sinema kupiga filamu, wakakivunja kwa bahati mbaya. Wakaleta kingine cha aina ileile.

Jeshi lilikuwa jirani muda mrefu. Vifaru, ile silaha mpya ya Vita Kuu ya Kwanza, vilipelekwa Bovington mwaka 1916, na mwaka uliofuata mazoezi ya kupiga mizinga yakaanza Lulworth, ng'ambo tu ya kilima. Watu wa Tyneham walilelewa na ngurumo hizo. Vita ya pili ilipoanza, jumba kuu lilichukuliwa mwaka 1941 kwa ajili ya watumishi wa rada ya jeshi la anga, na Ralph Bond, mwinyi mwenyewe, akahamia na mkewe kwenye nyumba ya mtunza bustani wao.

Halafu ikaja Novemba 1943.

Uvamizi wa Ufaransa ulikuwa unaandaliwa, ule utakaofanyika Juni 6, 1944. Vifaru vilikuwa vikubwa zaidi, mizinga ilifika mbali zaidi, na uwanja wa Lulworth ukawa mdogo. Barua iliandikwa tarehe 16 Novemba na meja jenerali wa kamandi ya kusini, ikapelekwa nyumba kwa nyumba. Inasema jeshi linahitaji ardhi ambamo askari waweze kutumia makombora ya kweli. Inasema inasikitika, kwa maslahi ya taifa, kuwaondoa watu majumbani mwao. Watoke kabla ya tarehe 19 Desemba. Yaani siku sita kabla ya Krismasi. Na karibu na mwisho ina sentensi ambayo mimi naijua kwa moyo, maana nimeisoma kwa sauti kwenye kipaza sauti cha basi mara zisizohesabika: "Serikali inatambua kwamba si jambo dogo mnalotakiwa kulitoa mhanga, lakini ina hakika kwamba mtautoa msaada huu zaidi wa kushinda vita kwa moyo mkunjufu."

Ina hakika. Angalieni hilo. Hakuna aliyeulizwa.

Watu 225 waliondoka, wa Tyneham na wa mashamba ya jirani, kwenye ekari 7,500. Waligawanya mifugo, waliuza walichoweza, wakang'oa viazi na kabichi. Na kwenye mlango wa kanisa likaachwa tangazo. Nalitafsiri kama nilivyozoea kuwatafsiria wageni wangu kutoka nyumbani:

"Tafadhali litunzeni kanisa pamoja na nyumba hizi. Tumeziacha nyumba zetu, ambamo wengi wetu tumeishi kizazi baada ya kizazi, ili kusaidia kushinda vita na watu wabaki huru. Siku moja tutarudi, na tunawashukuru kwa kukitendea kijiji wema."

Nakala yake iko pale kanisani. Mara ya kwanza kuisoma nilikuwa nimesimama na funguo za basi mkononi, na nilisoma kama kila mtu anavyosoma, koo limekaza. Mara ya tano au ya sita nikaanza kusimama kwenye neno moja. Zetu. Nyumba zetu.

Zilikuwa za nani?

Sisi watu wa Pwani swali hili hatulikwepi. Mnajua skwota ni nani. Ni mtu ambaye babu yake kazikwa pale, yeye kazaliwa pale, mwembe kaupanda mwenyewe, na siku moja anakuja mtu na karatasi. Mnajua pia ule utaratibu wetu wa kale wa mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe, minazi yangu imesimama juu ya udongo wako. Ikija fidia, unahesabiwa miti. Mimi nilikuwa mtoto, nimemshika babu kanzu, wakati jamaa mmoja mwenye daftari alipokuwa akihesabu miembe yetu na kuipaka chokaa. Miembe kumi na moja. Alihesabu kwa uangalifu sana, hata ule mdogo nyuma ya choo. Nyumba hakuitazama.

Sasa sikilizeni walicholipwa wapangaji wa Tyneham. Walilipwa thamani ya mboga zilizokuwa bustanini. Kabichi, basi. Nyumba si yao, ardhi si yao, kwa hiyo sheria haikuona kingine cha kulipa. Siku niliyoisoma habari hiyo nilikuwa nasubiri abiria kwenye maegesho ya Corfe Castle, na nikacheka peke yangu ndani ya basi tupu, kicheko ambacho si cha furaha. Nilidhani daftari lile ni la kwetu peke yetu.

Basi vita ikaisha mwaka 1945. Watu wakasubiri, wao walikuwa wameelewa kwamba mkopo unarudishwa. Mwaka 1948 serikali ikainunua ardhi kwa amri, kwa nguvu ya sheria. Ikiwa ni ununuzi, lazima pawe na wa kulipwa, na wa kulipwa ni mwenye hati. Bond alikuwa na hati. Nasema hivi bila kumwonea: naye alipoteza nyumba ya mababu, na hakuna hela inayolipa hiyo. Lakini yeye alikuwa na kitu cha kuuza. Mvuvi wa Worbarrow hakuwa hata na cha kukataa kuuza. Na hapo ndipo namkumbuka yule Harrison wa Milton Abbas, na mkataba wake.

Mtaniuliza, mbona wengine walirudi? Ni kweli. Mwezi uleule wa Desemba 1943, upande wa Devon, karibu na Slapton, watu wapatao 3,000 walihamishwa ili Wamarekani wafanye mazoezi ya kutua pwani. Ekari 30,000, mara nne ya hizi za Tyneham. Wale walianza kurudi mwaka 1944. Tofauti ni kwamba Wamarekani walipomaliza walikwenda zao. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kambi Bovington, na shule ya mizinga Lulworth. Halikuwa na kwa kwenda. Jirani akiazima ungo wako akahamia Mombasa, utaupata. Akiwa ni wa ukuta mmoja na wewe, umekwisha kuwa ungo wake. Na Tyneham haiko peke yake. Imber, kule Wiltshire, ilifungwa mwezi huohuo na mpaka leo ni uwanja wa jeshi. Na Norfolk kuna vijiji kadhaa vilivyochukuliwa tangu 1942.

Jumba kuu ndilo lililokufa vibaya zaidi, na sipendi kulizungumza kwa sababu kesho hamtaliona. Liko msituni, upande uliofungwa. Makombora yaliliumiza, wezi wa madini ya risasi na mbao wakaongeza, halafu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yenyewe ikaibomoa sehemu kubwa. Mawe ya kuchongwa yakapelekwa kwenye majumba mengine ya Dorset. Kwa hiyo ukitembelea majumba ya watu, ukiambiwa mlango huu ni wa enzi za Elizabeth, inawezekana umesimama mbele ya Tyneham bila kujua. Limebaki bawa la zamani zaidi.

Bomoabomoa hiyo iliwaudhi watu. Mwaka 1968 Rodney Legg, mwandishi wa habari wa huku kwetu, na wenzake wakaunda kikundi cha kudai bonde lirudishwe. Walipiga kelele vizuri. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza ardhi zote za jeshi, chini ya Lord Nugent, na mwaka 1973 kamati ikapendekeza jeshi liondoke Lulworth. Mwaka uliofuata serikali ikakataa. Kilichopatikana ni njia za miguu na siku za kufungua, ndiyo maana sisi kesho tutaingia.

Kuna jambo la ajabu lilitokea wakati ule. Baadhi ya wapenda maumbile hawakutaka jeshi liondoke. Miaka thelathini hakuna jembe wala dawa ya wadudu iliyogusa bonde lile. Vipepeo, maua ya mwituni, ndege, kulungu, vimejaa humo, na pwani yote ya jirani wamejenga nyumba za likizo. Wakasema: heri kifaru kuliko hoteli. Mimi nimeliwaza sana hili nikiwa nimeegesha kule juu, na sina ugomvi nao. Bonde ni zuri kweli, na uzuri huo umelindwa na mizinga. Ila naona wepesi wa mdomo. Wanaosema hivyo hawakuwa wamepanda viazi pale.

Na wale waliotolewa? Baadhi yao walipewa nyumba za halmashauri karibu na Wareham. Zina umeme, zina bafu ndani. Kina mama waliokuwa wakibeba ndoo kutoka mferejini, sidhani kama wote walilia kila siku. Ukiniuliza mimi, kijiji kile kingeisha hata bila vita, au kingegeuka nyumba za wikendi za watu wa London, bei ambayo hakuna mjukuu wa mvuvi angeiweza. Angalieni vijiji jirani leo mnione kama naongopa. Lakini kuna kuondoka kwa sababu kijana wako kapata kazi Poole, ukafunga mlango mwenyewe na ufunguo ukatia mfukoni. Hapo unahama.

Sasa ya kesho.

Bonde hufunguliwa wikendi nyingi, si zote, kwa hiyo asubuhi nitaangalia tena kama tunaruhusiwa. Tukifika juu tukakuta bendera nyekundu inapepea na geti limefungwa, hakuna majadiliano, nageuza. Kuna aliyewahi kuniambia, "Dereva, mpe yule askari kitu kidogo." Hapana, mzee wangu. Kule wanapiga kweli.

Fuateni njia zenye nguzo za njano. Msiokote chuma chochote, hata kama kinang'aa, hata kama mtoto analia. Ardhi ile ina makombora ambayo hayajalipuka. Wenzetu mliotoka Samburu na Laikipia mnalijua hili bila kuambiwa. Jeshi ni hilohilo, na mwaka 2002 ndilo ambalo serikali yake ilikubali kulipa pauni milioni nne na nusu kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya mia mbili walioumizwa, au kuuliwa jamaa zao, na mabaki ya mazoezi yake kule Kenya. Kwa hiyo chuma kikae kilipo.

Viatu vya kutembea, si kandambili. Kule hakuna duka, hakuna mgahawa, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Chapati na chai kila mtu na zake. Pale maegesho kuna sanduku la mchango. Tieni kitu, ndizo hela zinazozuia kuta zisianguke. Anayetaka kwenda mpaka Worbarrow kuona bahari anao muda, lakini saa tisa na nusu niwe nimemwona kwenye basi. Tunaondoka hapa saa mbili na nusu asubuhi, saa ya kwenye ukuta, si ya harusi.

Mwisho ni habari ya watoto. Shule imetengenezwa upya, ina paa, madawati yapo, madaftari yako juu ya madawati. Ukiingia kuna misumari ya kutundikia makoti, mifupi, ya kimo cha mtoto wa miaka saba. Kutakuwa na joto ndani baada ya upepo wa nje, na watoto wenu watavua makoti watake kuyatundika. Nawaomba muwazuie. Kila msumari una jina la mtu.